Ndege wa kaskazi: kuandika rekodi ambayo mwenzako anaweza kuitumia

Kwa mtazamaji ndege wa Afrika Mashariki, majira ya baridi ya kaskazini hayaanzi Desemba. Huanza mwishoni mwa Julai, kusi ikiwa bado inavuma, pale kitwitwi wa kwanza wanapotua kwenye tope la pwani wakiwa na mabaki ya wekundu wa msimu wa kuzaa vifuani. Hao ni wakubwa. Wachanga wa mwaka ule hufuata Septemba na Oktoba, wakija bila wazazi wao. Mbayuwayu huongezeka Oktoba. Novemba na Desemba, mvua za vuli zikinyesha, hupita kozi wa Amur (Falco amurensis) wakifuata kumbikumbi kuelekea kusini mwa Afrika. Kaskazi ikishatulia Januari na Februari, kila ndege ameshapata mahali pake na hasogei sana. Aprili wanabadilika rangi na kuondoka, na kufikia mwanzoni mwa Mei wengi wao hawapo.

Si wote, lakini. Kitwitwi wengi wa mwaka wa kwanza hawarudi kaskazini. Hubaki kwetu Juni na Julai wakiwa na rangi ileile ya kijivu. Kwa hiyo anayeona mmoja wao, Calidris ferruginea, katikati ya Juni hajaona ajabu, na anayeandika tu “tumemwona Juni” hajamsaidia mtu. Aliyeandika kwamba walikuwa kumi na wote walikuwa kijivu, hakuna aliyekuwa na wekundu, ametoa habari ya kweli, kwa sababu sasa tunajua ni wachanga waliobaki na si wakubwa waliowahi kurudi.

Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha rekodi na mazungumzo. “Leo Hori ya Mida, pwani ya Kenya, kulikuwa na ndege wengi sana” ni salamu nzuri kwa wenzako, lakini mwaka ujao haina kazi. Rekodi ni ile ambayo mtu asiyekujua, asiyekuwepo, anaweza kuichukua miaka 20 baadaye na kuilinganisha na ya kwake. Kuifikia si kazi ya kipaji. Ni kazi ya kupanga saa, kuangalia sehemu sahihi za ndege, kuhesabu kwa utaratibu na kuandika kabla hujasahau.

Maji kwanza

Pwani yetu, ratiba ya ndege wa tope si ya jua bali ya maji. Maji yakipwa, ndege husambaa hadi mwisho wa tope, kilomita moja au mbili kutoka ulipo, na saa nne asubuhi mazigazi hucheza juu ya mchanga hadi kila kitu kinakuwa doa linalotetemeka. Maji yakijaa kabisa, wanahamia mahali pa kupumzikia: vichwa vya mchanga, matawi ya mikoko, au mashamba ya chumvi kama ya Gongoni na Kurawa kaskazini ya Malindi. Wakati mzuri ni katikati ya hayo mawili. Fika muda wa saa tatu kabla ya maji kujaa, kaa chini, tulia. Maji yenyewe yatakuletea ndege, ukingo hadi ukingo, hadi wawe mita 50 au 60 kutoka kwako wakila kwa haraka kabla sehemu yao haijafunikwa.

Kuna jambo ambalo wageni wa pwani hulikosa. Wakati wa bamvu, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani ya Kenya na Tanzania hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, lakini hayapandi sana, na tope jingi hubaki wazi, hivyo ndege hawasukumwi kuja karibu. Kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Ukiunganisha hayo na ukweli kwamba fukwe zetu za bahari kuu zinatazama mashariki, jibu linajitokeza lenyewe: alasiri ya bamvu, kuanzia saa saba hadi saa kumi, unapata ndege walio karibu na jua lililo nyuma yako. Asubuhi utawatazama dhidi ya mwanga, na kitwitwi dhidi ya mwanga ni kivuli chenye mdomo. Horini, yaani kwenye mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, hesabu ya mwanga inategemea umekaa ukingo upi. Itazame ramani kabla ya kutoka.

Bara hakuna maji ya kupwa na kujaa, ila joto ni lilelile. Kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, bata wa kaskazini kama Anas acuta na Spatula clypeata hutazamwa vizuri kuanzia kuchomoza jua hadi saa tatu, kabla upepo haujatia mawimbi ziwani na kuwaficha nusu ya hesabu.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Darubini ya mkono ya 8×42 (hukuza mara 8, lenzi za mbele za milimita 42) inatosha. Ya 10 inaonekana bora dukani, lakini upepo wa kaskazi unapokutikisa mikono, ukubwa huo wa ziada unapotea wote. Ipange kwa macho yako: fumba jicho la kulia, pata picha safi kwa la kushoto ukizungusha gurudumu la katikati, kisha fumba la kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia bila kugusa gurudumu. Wengi hawajawahi kuigusa pete hiyo, kisha wanalaumu kioo. Darubini ya miguu mitatu ya 20–60 itumie kwa 25 au 30. Ukipandisha hadi 60 juani unakuza mazigazi, hukuzi ndege. Na chumvi ya bahari usiifute kavu: itakwaruza kioo. Puliza kwanza, kisha lowanisha kitambaa kwa maji yasiyo na chumvi na upanguse taratibu.

Rangi haitakusaidia, angalia umbo

Ugumu wa ndege hawa ni kwamba vitabu vingi huwapamba kwa manyoya ya kuzalia, na sisi tunawaona zaidi wakiwa wamevaa kijivu. Kati ya Oktoba na Machi, anayetafuta rangi atakosea. Tazama, kwa mpangilio huu: mdomo (urefu, unene, mkunjo), miguu, namna anavyokula, kiuno na mabawa anaporuka, kisha sauti. Rangi ya mgongo iache mwisho.

Anza na yule utakayemwona zaidi, Calidris ferruginea, anayezaa tundra ya Siberia. Mdomo wake ni mrefu na unapinda chini kwa ulaini kuelekea ncha. Miguu mirefu myeusi. Akiruka, kiuno chake ni cheupe kabisa. Huingia majini hadi tumboni akidunga tope kwa haraka. Tatizo ni kwamba urefu wa mdomo hutofautiana kati ya dume na jike, na mwenye mdomo mfupi huwapa watu tamaa ya kuandika Calidris alpina, ambaye Afrika Mashariki ni nadra kwelikweli. Usimwandike huyo mpaka umemwona akiruka na mstari mweusi ukigawa weupe wa kiuno katikati. Bila mstari huo, huna alpina, hata mdomo uwe mfupi kiasi gani.

Mdogo wao, Calidris minuta, hana shida: mdomo mfupi ulionyooka, miguu myeusi, mwili mdogo kiasi cha shomoro. Ukimwona mdogo wa namna hiyo kwenye bwawa la maji baridi, akitembea kwa kujikunyata na miguu ya manjano-kijani, fikiria Calidris temminckii. Calidris alba ndiye yule mweupe anayekimbizana na wimbi kwenye mchanga wa bahari. Hana kidole cha nyuma, jambo linaloonekana kwenye picha nzuri na hata kwenye nyayo.

Pagumu zaidi ni kwa wale kitwitwi wawili wa mchanga wenye kichwa cha mviringo na mdomo mweusi: mkubwa, Anarhynchus leschenaultii, na mdogo, Anarhynchus atrifrons. Wakisimama pamoja ni rahisi, na mara nyingi husimama pamoja. Akiwa peke yake, pima mdomo kwa jicho: chukua urefu wake, ulaze kichwani kuanzia shina la mdomo kwenda nyuma. Wa mkubwa utapita ukingo wa nyuma wa jicho. Wa mdogo utaishia jichoni au karibu nalo. Mdomo wa mkubwa pia huchongoka taratibu, na wa mdogo ni mnene-butu. Miguu ya mkubwa ni mirefu na imepauka kuelekea kijani; akiruka, vidole vyake huchungulia nyuma ya mkia. Dalili moja haitoshi, hasa kwa ndege aliyejikunyata dhidi ya upepo. Zikikubaliana tatu, andika. Zisipokubaliana, ziko sehemu za kuandika “leschenaultii au atrifrons”, na rekodi hiyo ni halali kabisa. Tahadhari ya jina: mdogo huyu vitabu vya zamani humwita Charadrius mongolus, na baada ya aina hiyo kugawanywa, jina mongolus limebaki kwa yule wa Siberia ya mashariki. Ukiandika jina la zamani kwenye programu ya kurekodi ndege bila kutazama, unaweza kuripoti ndege ambaye ni ajabu kwetu wakati ulikuwa na yule wa kawaida.

Kundi la Tringa linataka masikio. Tringa nebularia hupiga sauti tatu za nguvu, tyu-tyu-tyu, zote za kimo kimoja, na mdomo wake ni mnene wenye kupinda juu kidogo. Tringa stagnatilis ni kama yeye aliyekondeshwa: mdomo mwembamba kama sindano, ulionyooka, miguu mirefu kupita mwili. Wote wawili wakiruka huonyesha weupe unaopanda mgongoni kwa ncha. Kwenye mito na madimbwi ya bara kuna watatu wanaochanganywa daima. Actitis hypoleucos hutikisa mkia bila kupumzika, ana weupe unaopanda mbele ya bawa, na huruka chini juu ya maji kwa mapigo mafupi magumu. Tringa glareola ana nyusi nyeupe iliyo wazi na madoadoa mgongoni, na chini ya bawa lake kumepauka. Tringa ochropus ni mweusi zaidi, na chini ya bawa ni giza. Akiinuka ghafla na kiuno cheupe unaweza kudhani ni mbayuwayu mkubwa.

Wengine hujitaja wenyewe. Sululu (Numenius phaeopus) ana mistari kichwani na hupiga filimbi za haraka, karibu saba mfululizo. Xenus cinereus, mwenye mdomo unaopinda juu na miguu ya rangi ya chungwa, hukimbia ameinama akifukuza kaa. Dromas ardeola, mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene mweusi, hatoki kaskazini ya mbali: huzaa mchangani kandokando ya bahari za Uarabuni, ndani ya mashimo anayochimba mwenyewe. Hori ya Mida ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana kwa ndege hawa wawili, na idadi zao pale zinastahili kuhesabiwa kwa makini, siyo kukadiriwa kwa kupita.

Nchi kavu kuna mitego yake. Mbayuwayu wa kaskazini, Hirundo rustica, akiwa kwetu anabadilisha manyoya, kwa hiyo usimtafute kwa nyuzi ndefu za mkia; mara nyingi hana. Tazama kifua: ukanda wa bluu-nyeusi uliokamilika na mpana, kisha tumbo jeupe. Mbayuwayu mkazi wa nyanda za juu, Hirundo angolensis, ana wekundu wa koo unaoshuka hadi kifuani, ukanda mwembamba uliokatika, na tumbo la kijivu cha moshi. Mtu anayeandika “rustica” kwa kila mbayuwayu mwenye koo jekundu amefuta habari za wakazi bila kujua.

Kwa tai wa nyika, Aquila nipalensis, dhidi ya mkazi Aquila rapax, achana na kahawia yao. Wote wawili wana kahawia za kila namna. Tazama ukingo wa manjano wa kinywa: wa nipalensis hufika nyuma ya jicho, wa rapax huishia chini ya katikati ya jicho. Picha moja ya kichwa kutoka ubavuni inamaliza ubishi. Na Motacilla flava, yule mwembamba wa manjano anayefuata ng'ombe malishoni, aandikwe kwa jina la nususpishi yake (kama lutea au feldegg) pale tu unapomwona dume mzima mwenye kichwa kilichokamilika. Majike na wachanga waache kwenye jina la jumla. Kulazimisha ni kuchafua ramani.

Kuhesabu kundi lisilotulia

Jicho la binadamu hukadiria pungufu kundi linapokuwa kubwa, na kadiri kundi linavyokua ndivyo upungufu unavyoongezeka. Dawa ni kujenga kipimo. Hesabu ndege 10 mmoja mmoja, angalia nafasi waliyochukua, kisha funika kundi zima kwa nafasi hiyo: 10, 20, 30. Kundi likizidi mia tano, panda hadi kipimo cha 50 au 100. Kosa la kawaida ni kuchukua kipimo pembezoni, ambako wamesimama kwa nafasi, kisha kukitumia katikati walikobanana. Chukua kipimo mahali penye msongamano wa wastani, au tumia viwili.

Kundi la mchanganyiko lihesabiwe mara mbili. Kwanza jumla yote, bila kujali aina. Kisha chagua sehemu tatu au nne tofauti za kundi, kila moja ndege 50, na uandike aina zao. Uwiano huo utumie kwenye jumla. Usichukue sampuli ya upande mmoja tu: wenye miguu mifupi hukaa ukingoni mwa maji na wenye mirefu hukaa ndani, hivyo upande mmoja utakudanganya. Wakiruka ghafla, piga picha kadhaa za upana wote na uzihesabu baadaye kwenye skrini. Na wakitua tena upande wa pili wa hori, wasiingie daftarini mara ya pili. Kwa sababu hiyo wawili wanaohesabu hori moja kutoka kingo mbili lazima wakubaliane kabla ni nani anayehesabu kipi.

Hesabu inayokadiriwa iandikwe hivyo. 350 kwa makadirio ni bora kuliko 347 ya kubuni, na zote mbili ni bora kuliko herufi X, ambayo inasema “alikuwepo” na basi.

Kuandika na kupeleka

Rekodi kamili ina tarehe, saa ya kuanza na muda uliotumia, mahali, umbali uliotembea, idadi ya watu waliotazama, hali ya maji, na aina zote ulizozitambua. Neno “zote” ndilo zito. Orodha inayotaja ndege mmoja wa ajabu na kuacha kunguru, shakwe na njiwa haimwambii mchambuzi chochote kuhusu kunguru, shakwe na njiwa. Hawezi kujua kama hawakuwepo au hukujali. Orodha kamili ya muda wa saa moja mahali pa kawaida, ikirudiwa kila mwezi mahali palepale, ina thamani kuliko kukimbilia nadra mara moja kwa mwaka. Najua hili halina msisimko. Lakini kupungua kwa ndege wa kawaida huonekana kwenye orodha za namna hiyo tu, na kwa miaka mingi.

Makosa ya kuingiza data hujirudia sana kiasi kwamba yanaweza kuorodheshwa bila kuangalia. La kwanza ni letu wenyewe: saa. Uliyeanza saa moja asubuhi ukaingiza 1:00, umeripoti kitwitwi waliotazamwa usiku wa manane. Andika 07:00, na daftarini pia tumia mfumo huo wa saa 24 ili usigeuze kichwani ukiwa umechoka. La pili ni alama ya kutoa kwenye latitudo. Mida iko karibu na -3.36, 39.97. Ukisahau hicho kistari, ndege wako wa baharini wametua nchi kavu kaskazini mwa Kenya, si mbali na mpaka wa Ethiopia. La tatu ni alama ya mahali kuwekwa ulipofungulia simu jioni badala ya ulipotazama ndege. La nne ni watu watano waliotembea pamoja kupeleka orodha tano zilezile, na kundi la 400 likawa 2,000. Mmoja aandike, kisha awagawie wenzake orodha hiyo kwa njia ya programu, ili ibaki rekodi moja yenye majina matano.

Kuna mahali kadhaa pa kupeleka rekodi, na hapakusudii kitu kimoja. eBird, hifadhidata ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2002, hupokea orodha kutoka popote duniani, nayo hufanya kazi vizuri orodha zikiwa fupi: gawanya kwa mazingira, tope moja, mikoko moja, badala ya kumwaga siku nzima kwenye orodha moja ya kilomita 30. Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, inataka kitu kingine. Nchi imegawanywa kwa miraba ya dakika 5 kwa dakika 5 za latitudo na longitudo, kiasi cha kilomita 9 kwa 9, inayoitwa pentadi. Ili orodha yako ihesabiwe kamili, unahitaji angalau saa 2 za kutazama kwa bidii ndani ya pentadi moja, ukijaribu kufika kwenye kila aina ya mazingira yaliyomo. Unaweza kuendelea kuongeza aina mpya hadi siku 5. Aina huandikwa kwa mpangilio ulivyoziona, kwa sababu anayetangulia kuonekana mara nyingi ndiye aliye wengi, na mpangilio huo hutumiwa katika uchambuzi. Programu ya BirdLasser hukuonyesha mpaka wa pentadi simuni na kukuonya ukiuvuka. Onyo hilo usilipuuze. Aliyeko ng'ambo ya barabara anaweza kuwa pentadi nyingine.

Januari kuna hesabu ya ndege wa maji inayoratibiwa na shirika la Wetlands International katika nchi nyingi za Afrika. Imewekwa Januari kwa kuwa ndege wametulia, hivyo ziwa moja likihesabiwa Jumamosi na jingine Jumapili, uwezekano wa kuwahesabu walewale mara mbili ni mdogo. Nchini Kenya hesabu hizi zimefanyika kwenye maziwa ya Bonde la Ufa tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na wanaojitolea hukaribishwa. Ukipangiwa kipande cha ufuko, hesabu kipande hicho tu, hata kama kundi zuri liko hatua 100 mbele. Hilo ni la timu nyingine.

Pete miguuni

Baadhi ya kitwitwi na korongo wana pete au vibendera vya rangi. Habari ya ndege mmoja wa namna hiyo inaweza kuunganisha hori ya kwetu na tundra ya mbali, lakini ikisomwa nusu haiunganishi kitu. Mpangilio ni huu: mguu wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, ukimaanisha kushoto kwa ndege, siyo kushoto kwako unayemtazama ana kwa ana. Kila mguu usome kutoka juu kwenda chini, na useme kama pete iko juu au chini ya kile kifundo kinachofanana na goti. Taja rangi ya kibendera, rangi ya maandishi, na maandishi yenyewe. Usisahau pete ya chuma na iko mguu upi. Rangi ya chungwa iliyopauka hufanana na njano, na nyeupe iliyochafuliwa na tope hufanana na kijivu; ukiwa na shaka, sema una shaka na rangi ipi. Picha tano mbaya za pande tofauti ni bora kuliko moja nzuri.

Kuvisha ndege pete kwetu kuna historia ndefu. Ngulia, katika Tsavo Magharibi, kazi hiyo imefanywa tangu 1969: usiku wa ukungu usio na mwezi, Novemba na Desemba, wasafiri wa usiku kama Acrocephalus palustris na Luscinia luscinia huvutwa na taa za hoteli iliyo ukingoni mwa mlima, wakashuka kwa wingi. Mida nako kitwitwi wamevishwa pete na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Anayesoma pete vizuri anakamilisha kazi ya watu hao.

Yasiyotangazwa

Si kila kitu ulichoona kinapaswa kufika kwenye kundi la WhatsApp saa ileile. Mahali pa bundi pa kupumzikia mchana, viota vya tai na tumbusi, na viota vya korongo mwenye taji (Balearica regulorum), ambaye makinda yake huibwa na kuuzwa, viandikwe kwenye hifadhidata yenye uwezo wa kuficha mahali, na kwa wenzako useme wilaya tu. Kumbuka pia kwamba picha ya simu hubeba latitudo na longitudo ya mahali ndani yake. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera kabla ya kutoka. Kukifuta baadaye watu husahau.

Kwa ndege wa tope, hatari ni sisi wenyewe. Wakati wa maji kujaa wanapumzika na kusaga chakula. Wakirushwa mara tatu nne na watu wanaotafuta picha ya karibu, wanatumia mafuta waliyokuwa wanayaweka kwa safari, na Machi na Aprili ndio wakati wasioweza kuyapoteza. Wakiinua vichwa vyote kwa pamoja na kuacha kula, umeshakaribia mno. Rudi nyuma wakiwa bado chini. Sauti za kurekodi za kuwaita usizitumie.

Mhakiki, yaani anayepitia rekodi za hifadhidata, akikuandikia kuuliza kuhusu rekodi yako, hakushuku wewe; ameona tarehe, idadi au aina isiyo ya kawaida mahali hapo, na ana orodha ndefu ya kupitia. Mjibu kwa ulichokiona, siyo kwa ulichohitimisha: “mdomo ulipita nyuma ya jicho, miguu kijani iliyopauka, vidole vilionekana nyuma ya mkia, mita 40, jua nyuma yangu.” Usiongeze dalili ulizozisoma kitabuni baadaye, mhakiki mzoefu huitambua lugha ya kitabu kwa sentensi moja. Picha hafifu iambatishe vilevile, maana umbo la mdomo huonekana hata kwenye picha isiyofaa kuonyeshwa mtu. Na ukiona hoja zako hazitoshi, badilisha rekodi iwe “Calidris, aina haikujulikana”, acha idadi na saa kama zilivyo, halafu tazama ratiba ya bamvu linalofuata.